Presha kuka ya umeme ya lita 6: inunuliwe kwa ajili ya maharagwe

Ukipita Biashara Street, Mombasa, utazikuta zimepangwa mlangoni mwa maduka ya vyombo, na muuzaji atakuhesabia vitufe: wali, keki, uji, supu, mtindi. Usimsikilize sana. Chombo hiki kina kazi moja kinayoishinda sufuria yoyote, nayo ni kulainisha vyakula vikavu vya jamii ya kunde: maharagwe, mbaazi, pojo, kunde zenyewe, njugu mawe. Nyama ngumu na pweza vinafuata. Mengine yote ni mapambo.

Kazi hiyo moja inatosha kukifanya kiwe na thamani. Maharagwe makavu juu ya makaa hula saa mbili, pengine tatu. Anayevuka feri ya Likoni saa moja ya usiku hana saa hizo, basi anapitia chipsi na viazi karai, au anapika sinia la wali na kitoweo kiduchu pembeni. Si kwamba watu wamechoka na mbaazi. Wamechoka kuzingoja. Na hasara yake kiafya si ndogo: kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kina takriban gramu 15 za protini na nyuzinyuzi zinazokaribia kiasi hicho hicho, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Wali mweupe na chipsi havikufikishi hapo.

Nyingi za lita 6 hutumia wati 1000 hivi. Ndani yake joto hufika nyuzi 115 hadi 118, badala ya 100 za sufuria ya wazi. Nusu kilo ya maharagwe yaliyorowekwa hutumia chini ya uniti moja ya stima, kwa kawaida nusu uniti au pungufu, kwa sababu moto hujizima na kujiwasha wenyewe presha ikishapanda. Ukilinganisha na mkebe wa makaa, hata kwa bei ya tokeni inayolalamikiwa kila mwezi, stima inashinda. Kwa samaki wa dakika 15, gesi inashinda.

Sasa kupika. Nusu kilo ya maharagwe ni vikombe viwili na nusu. Chambua, osha, roweka saa 6 hadi 8. Joto la Mombasa linadai uangalifu hapa: maharagwe yaliyoachwa juu ya meza tangu asubuhi hadi usiku huanza kutoa povu na harufu ya uchachu. Yaroweke ndani ya friji, au yaroweke usiku na uyapike alfajiri kabla ya kutoka. Maji ya kuroweka yamwage. Humo ndimo baadhi ya sukari zinazojaza tumbo gesi zimeyeyukia, na mwenye tumbo jepesi ataiona tofauti.

Weka maharagwe ndani ya sufuria, tia maji safi yayapite kwa vidole viwili, takriban lita moja na robo, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ili povu lisipande, na chumvi nusu kijiko cha chai. Naam, chumvi mwanzoni. Ile kauli kwamba chumvi huyafanya maharagwe yawe magumu haina msingi. Sodiamu husaidia ganda kulainika. Kinachokaza ganda ni kalisi na magnesi, yaani madini ya maji magumu, na tindikali. Kwa hiyo nyanya, ukwaju na ndimu vikae mbali mpaka presha ishuke. Usipite nusu ya sufuria kamwe: nafaka hizi hufura, povu lake huziba tundu la mvuke, na hapo ndipo jikoni pote hupakwa rangi ya maharagwe.

Funga, geuza valvu upande wa kufunga, weka dakika 18 kwa maharagwe yaliyorowekwa. Yasiyorowekwa huhitaji 45 hivi. Mbaazi kavu zilizorowekwa, dakika 13 hadi 15. Pojo hazina haja ya kurowekwa, dakika 9 zinatosha, na zikifika 15 zimekuwa uji. Kunde zilizorowekwa, dakika 7. Njugu mawe ndizo kaidi. Ziroweke usiku kucha na bado uzipe dakika 40. Ukitumia mapishi yaliyoandikwa na mtu wa Nairobi, punguza dakika chache. Kule mji uko juu kwa mita 1,700 hivi na maji huchemka yakiwa nyuzi 94 au 95, hivyo muda wao ni mrefu kuliko wetu wa pwani.

Ikilia kwamba imemaliza, iache dakika 15 mvuke ushuke wenyewe. Ukifungua valvu papo hapo, maji ya ndani huchemka kwa ghafla, maganda hupasuka, na povu hutokea juu kwa nguvu. Pojo zilizofunguliwa kwa haraka ndizo zinazoziba valvu kuliko chochote.

Na sasa nazi, maana bila nazi hakuna aliyekula. Tui halipikwi ndani ya presha, hata kama kitabu cha maelezo kinaonyesha picha ya mchuzi mweupe. Kwa joto lile protini ya tui hugandana, mafuta hujitenga, na unachokuta ni maji ya rangi ya kijivu yenye vidonge vyeupe. Tui zito pia hutulia chini na kuungua, kisha mashine inajizima ikidhani sufuria imekauka. Subiri presha iishe. Fungua, punguza maji yaliyozidi, tia kitunguu, nyanya, thomu, bizari na pilipili mbichi nzima, kisha tui jepesi vikombe viwili. Bonyeza kitufe cha kukaangia kwa moto mdogo, koroga bila kufunika dakika 8. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, nusu kikombe tu, iingie mwisho, ikianza kutokota zima.

Nusu kikombe si ubahili. Sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni yale yaliyoshiba, yanayopandisha kolesteroli mbaya, na kasimile ndiyo iliyoyabeba. Chungu hiki hutosha watu wanane, kwa hiyo kila sahani inapata kijiko kimoja cha mezani cha kasimile na ladha bado ipo. Anayemimina nazi mbili nzima kwa nusu kilo ya mbaazi, kisha akazila kila siku, asiseme mbaazi ndizo zilizomletea matatizo.

Chumvi iko hivyo hivyo. Kipimo cha siku nzima kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Nusu kijiko mwanzoni na nusu nyingine wakati wa kuunga zinatosha chungu kizima. Vile vidonge vya mchuzi vinavyouzwa dukani karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Ukitia viwili juu ya chumvi uliyokwisha tia, umeiharibu hesabu yote. Thomu nyingi, pilipili na ndimu ya kukamulia mezani hufanya kazi ile ile ya kuamsha ladha. Ndimu ina faida ya pili: vitamini C yake husaidia mwili kufyonza chuma cha maharagwe. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume, kwa hiyo ingoje saa moja baada ya kula, hasa kwa mjamzito na mwenye upungufu wa damu.

Maji ya Mombasa yanastahili aya yake. Nyumba nyingi za Kisauni, Bamburi, Tudor na kwingineko hutegemea visima au maji ya mkokoteni, na mengi yana chumvi na ugumu. Kalisi ya maji hayo hushikamana na ganda la maharagwe, na ndiyo sababu mtu hulalamika kwamba mashine yake ni mbovu, dakika 20 zimepita na maharagwe bado ni mawe. Mashine haina kosa. Pikia maji ya kunywa, au maji ya mvua yaliyokingwa vizuri. Ikibidi kisima, ongeza dakika 10. Magadi hulainisha haraka lakini huharibu vitamini B1, na ladha yake ya sabuni haifichiki. Chembe inayokaa kwenye ncha ya kisu inatosha chungu kizima, na bora usitie kabisa. Maji hayo hayo huacha utando mweupe chini ya sufuria. Mara moja kwa mwezi chemsha humo vikombe viwili vya maji na robo kikombe cha siki, kisha suuza.

Kwa pweza, hapa mashine inapata alama zote. Kilo moja iliyosafishwa, kikombe kimoja cha maji, kitunguu, bila chumvi kwa sababu pweza ana yake. Dakika 15, mvuke utoke wenyewe. Analainika bila kupigwa kwenye jiwe. Nyama ya mbuzi yenye mifupa inataka dakika 35. Samaki usimtie, atavunjika. Mchicha, mnavu na sukuma wiki vipike kando, dakika tano juu ya gesi, vibaki na rangi yake. Wali mweupe unatoka sawa kwa kikombe cha mchele na kikombe na robo ya maji, lakini wali wa nazi hushika chini na ukoko wake ni mweusi, si ule wa kugombaniwa. Kuhusu keki, hilo la keki tuliache.

Sahani yenyewe: wali usizidi kikombe kimoja cha chai, maharagwe kikombe kimoja, na nusu ya sahani iwe mboga za majani, bamia au kachumbari. Kwa mwenye sukari, kupunguza wali na kujaza nafasi yake kwa pojo au maharagwe hufanya sukari ipande polepole zaidi baada ya kula. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hili bila kumuuliza daktari wake, maana vyakula hivi vina potasiamu na fosforasi nyingi.

Jambo moja la usalama lisilosemwa dukani: maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na huvunjwa kwa kuchemshwa kikamilifu kwa angalau dakika 10. Presha huimaliza. Lakini mashine nyingi zina kitufe cha kupika polepole kwa saa 6 au 8, na moto wake huenda usifikie kuchemka. Kitufe hicho usikitumie kwa maharagwe mekundu.

Kiporo nacho kina masharti yake. Joto likipita nyuzi 32, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa moja, na jikoni Mombasa mwezi wa Machi ni zaidi ya hapo. Ama kiache kwenye kitufe cha kuhifadhi joto, kinachokishikilia juu ya nyuzi 60, ama kigawe kwenye vyombo vifupi na ukiweke friji. Maharagwe yaliyochemshwa tu, kabla ya kuungwa, hugandishwa kwa mafungu ya vikombe viwili na kukaa miezi. Hapo jioni ya Jumatano ni kuunga dakika 10 tu. Mbaazi zilizobaki asubuhi zina mahamri yake, hilo halihitaji mafunzo.

Kasoro. Mpira wa kifuniko hunyonya harufu. Pweza wa Jumapili atanukia kwenye uji wa Jumatatu. Nunua mpira wa pili, mmoja wa pweza na nyama, mwingine wa nafaka. Stima ikikatika katikati, nyingi za vitufe husahau zilipofika: usifungue, ngoja, ikirudi anza upya ukikadiria dakika zilizosalia. Hewa ya bahari hula skrubu na sahani ya moto iliyo chini, kwa hiyo futa sehemu ya nje ya sufuria ikauke kabisa kabla ya kuirudisha, na usiiache imefungwa kabatini. Mende wanapenda joto la kitako chake. Usiichomeke kwenye waya wa kuongezea wa bei rahisi, utayeyuka kwenye plagi.

Bei huwa kati ya shilingi 7,000 na 13,000 kutegemea jina lililobandikwa, na kwa maharagwe tofauti ni ndogo. Chagua yenye sufuria ya ndani ya chuma kisichoshika kutu. Ile ya kupakwa rangi nyeusi hukwaruzwa na mwiko wa chuma. Tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na waranti ya mwaka mmoja, na muulize muuzaji kama ana mpira wa akiba wa ukubwa huo huo, sio "utapatikana". Kabla ya kulipa, mwambie atie lita moja ya maji na aiwashe kwa dakika 5 za presha. Kipini kidogo cha chuma kwenye kifuniko lazima kipande na kukaa. Mvuke ukitoka pembeni, mpira au kifuniko kina kasoro, mrudishie. Muuzaji asiyetaka kuiwasha dukani, nenda duka la pili.

Nyumba ya watu wawili itoshewe na ya lita 4. Aliye na ya gesi, ile ya kupiga filimbi, na inafunga vizuri, hana haja ya hii. Abadilishe mpira wake na apunguze dakika 3 au 4 kwenye muda ulioandikwa hapa, kwa sababu ya gesi hufika nyuzi 120.