Matembezi ya Siku Moja: Lango la Marangu hadi Kambi ya Mandara
Anayetaka kuelewa jinsi mvua inavyoamua makazi ya mimea na wanyama atapata thamani ya fedha yake katika matembezi haya ya Kilimanjaro. Mwongoza wageni wetu alieleza kwa ufasaha kwamba pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi humwaga mvua nyingi kwenye miteremko ya kusini, kwingine zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ndiyo maana msitu ni mnene, miti imevikwa kigoga, na mbega hawakosi majani. Upande wa kaskazini, ulio mkavu, hustawi miti ya mitarakwa. Karibu na Kreta ya Maundi (shimo la volkano) msitu huachia nafasi vichaka. Hapo tulistahili muda mrefu zaidi. Chakula kilikuwa cha kawaida. Walimu wa jiografia, wapelekeni wanafunzi wenu.