The Seven Odes ya A. J. Arberry: Mapitio kwa Jicho la Isimu

Kitabu hiki cha mwaka 1957, cha Mwingereza A. J. Arberry, mtaalamu wa Kiarabu, kina tafsiri ya Kiingereza ya Mu'allaqat, kasida saba za Waarabu wa kabla ya Uislamu. Nimekisoma nikiwa na matini ya Kiarabu pembeni, na kipimo changu kilikuwa hoja ya mwanaisimu Roman Jakobson ya mwaka 1959, kwamba lugha hutofautiana katika yale zinayomlazimisha msemaji kuyataja, si katika yale zinayoweza kuyasema.

Kasida ya Imru' al-Qays, mmoja wa washairi hao saba, inaanza na "qifa", yaani "simameni". Kiarabu kina umbo la wawili, hivyo kitenzi hicho peke yake kinatosha kuonyesha kwamba mshairi anawasimamisha wenzake wawili. Sisi tungesema "simameni", na idadi ingepotea. Arberry hakukubali ipotee, akaongeza maneno ya kuwaita marafiki wote wawili. Kisarufi yuko sawa, lakini jambo ambalo Mwarabu hulipita bila kulisikia sasa limewekwa mbele kabisa na kumsimamisha msomaji. Mimi ningeliacha.

Katika beti za kasida hiyohiyo zinazomweleza farasi, ustadi wake unang'aa. Kiarabu kinasema "mikarrin mifarrin muqbilin mudbirin": maneno mawili ya kwanza yamefinyangwa kwa kigezo kimoja cha mofolojia, yaani cha muundo wa neno, mawili yanayofuata kwa kingine, yote yakianza na m na kuishia na -in, hata mtu akasikia farasi akishambulia na kugeuka kabla hajaielewa maana. Kiingereza hakina mfumo huo wa kutia mizizi ya konsonanti katika vigezo vya maneno. Arberry amejibu kwa takriri ya konsonanti f na h mwanzoni mwa maneno, mbinu iliyoubeba ushairi wa Kiingereza cha kale. Hakunakili sauti za Kiarabu. Ametafuta katika lugha yake kitu chenye kazi ileile, na kwangu huo ndio ulinganifu unaostahili kuitwa tafsiri.

Kina ameacha. Msomaji wa tenzi, aliyezoea kina cha bahari kinachofunga kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho, ataliona pengo hilo, kwa sababu kasida ya Imru' al-Qays nayo inaishia na -li ubeti baada ya ubeti. Hata hivyo simlaumu. Kina hicho kinasaidiwa sana na irabu za mwisho zinazoonyesha kazi ya nomino katika sentensi, nazo Kiingereza kilikwisha kuzipoteza. Kulazimisha kina kungeipindapinda sintaksia, yaani mpangilio wa maneno katika sentensi.

Kasoro kubwa ni kwamba kurasa hazina matini ya Kiarabu. Utangulizi wa kila kasida, unaofuatilia pia watafsiri waliotangulia, akiwemo William Jones wa karne ya 18, ni hazina kwa mwanafunzi wa tafsiri, nami ningemshauri ausome kabla ya kasida yenyewe, huku diwani ya Kiarabu ikiwa wazi mezani.