TAHADHARI: Pochi za kripto zenye kadi ya kukwangua zinazouzwa Kariakoo

Wakuu, naandika haya nikiwa bado na uchungu, lakini watu wanaendelea kuuziwa kila siku na siwezi kukaa kimya. Kama umenunua kile kifaa kidogo cha kuhifadhia kripto (sarafu za kidijitali), kinachofanana na flashi, na ndani ya boksi umekuta kadi ya kukwangua yenye maneno 24, usiweke humo hata senti moja. Pochi hiyo ina mwenyewe tayari, na si wewe.

Mimi ni msanifu wa picha. Wateja wangu wengi wako nje na hunilipa kwa USDT, sarafu ya kripto ambayo moja ni kama dola moja, ambazo nilikuwa naziacha kwenye programu ya simu. Vibaka wa pikipiki waliponikwapulia simu Tabata, niliogopa, nikaamua kutafuta pochi ya kifaa. Nikampata muuzaji Instagram, ana fremu Kariakoo, si mbali na Msimbazi. Aliniuzia kwa shilingi 280,000. "Dada yangu, hii ni orijino kabisa, haijafunguliwa." Boksi lilikuwa na nailoni na stika inayong'aa. Ndani mlikuwa na kifaa, waya, karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili safi, na ile kadi.

Naomba nikae kidogo kwenye hiyo kadi, maana ndipo mtego ulipo. Sisi tumekua tukikwangua vocha. Ukiona ule utando wa rangi ya fedha, akili inakwambia hakuna aliyeona kilicho chini yake, wewe ndiye wa kwanza. Karatasi ilisema niwashe kifaa, nichague "kurejesha pochi", kisha niingize maneno yaliyo kwenye kadi. Nikakwangua, nikaingiza neno moja moja mpaka la 24, na nikajisikia salama. Kurejesha! Unarejesha kitu kilichokuwepo. Neno lenyewe lilikuwa linaniambia kwamba pochi hii ilianza kuishi kabla sijainunua, na sikulisikia.

Maneno 24 ndiyo pochi yenyewe. Kifaa ni cha kuyatunza tu. Kwa kawaida kifaa chenyewe huyachagua bila mpangilio kutoka kwenye orodha ya maneno 2,048, kinakuonyesha kwenye kioo chake kidogo, na wewe unayaandika kwa kalamu. Mtu mwingine akiwa nayo, anayaingiza kwenye kifaa chake popote alipo na kuhamisha kila kitu, bila kugusa kifaa chako na bila kujua namba yako ya siri. Huyu bwana aliyatengeneza maneno, akabaki na nakala, akayachapa kwenye kadi na kuyafunika.

Na kifaa kilikuwa halisi! Programu ya kampuni inayokitengeneza ilikikagua ikakipitisha. Ukaguzi ule unatazama kifaa, haujui maneno yametoka wapi. Nikaweka dola 20 kwanza nijaribu. Wiki tatu zikapita, hazikuguswa. Alikuwa ananisubiri ninenepe. Nikahamishia USDT 1,340, zaidi ya shilingi milioni 3, humo ikiwemo kodi ya nyumba ya miezi sita. Usiku uleule, saa nane na dakika kumi, zote zikaondoka kwa muamala mmoja.

Nilipompigia alinijibu, "Dada, si uliingiza maneno mwenyewe?" kisha akanifungia namba. Siku ya pili nilikuta fremu ina mtu mwingine anauza makava ya simu. Polisi nilienda, nikapewa RB, na askari alinisikiliza vizuri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo. Lakini muamala wa kripto haurudishwi. Ukikosea kutuma kwa M-Pesa unapiga huduma kwa wateja. Huku hakuna wa kumpigia. Benki Kuu nayo ilishatangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, kwa hiyo usitegemee kukimbilia huko.

Jambo jingine linaloninyima usingizi: nilimpa picha ya kitambulisho changu cha NIDA na lokesheni ya nyumbani, eti kwa ajili ya waranti. Sasa anajua jina langu, ninapolala, na kwamba nina kripto. Wiki iliyopita alinipigia mtu nisiyemjua, akanitaja jina, akasema yuko "kitengo cha usalama" na anataka nimsomee maneno ya pochi yangu mpya. Orodha ya wanunuzi ni mali. Mwaka 2020 ilivuja ya wateja wa Ledger, kampuni ya Ufaransa inayotengeneza pochi hizi: majina, simu na anwani za watu wapatao 272,000. Mwaka uliofuata baadhi yao walitumiwa kwa posta vifaa bandia vya kuwaibia. Kwa hiyo kitambulisho usimpe muuzaji. Mzigo upokelee kwenye sanduku la posta la ofisi, tumia barua pepe uliyofungua kwa kazi hiyo tu, na usipige picha ya boksi ukaweka status.

Agiza kwa mtengenezaji mwenyewe, hata kama utasubiri na kulipa ushuru. Anwani ya tovuti iandike kwa mkono, usibonyeze tangazo. Nailoni na stika visikutulize, hivyo vinatengenezwa mtaa wa pili. Kifaa kikifika na namba ya siri imeshawekwa, kirudishe. Vya Trezor, watengenezaji wengine wa pochi hizi, hutoka kiwandani bila programu ya ndani, unaiweka wewe mara ya kwanza. Ukikikuta kinayo tayari, kuna mtu amekitangulia. Na maneno yasipigwe picha wala kuandikwa kwenye simu.

Wengine wameniuliza kama inatosha kufuta kifaa na kuanza upya. Mimi nasema hapana. Mwaka 2023 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walichambua Trezor bandia iliyobadilishwa ndani, na kila ilipoanzishwa upya ilitoa maneno kutoka seti 20 ambazo wezi walikuwa nazo tayari. Ukiwa nyumbani huwezi kujua kama chako kimefunguliwa au la.

Kwa mwenye kadi hiyo sasa hivi: fungua akaunti yako ya soko la kripto unaloliamini, hakiki anwani mwanzo hadi mwisho, hamisha kila kilichomo, kisha kifaa kiweke pembeni pamoja na boksi, kadi na risiti ya malipo, maana polisi watavihitaji. Usimpigie muuzaji kwanza kumuuliza, utamshtua awahi. Na fanya leo, kabla hujalala.