Rasta mwenye kanda za taarab: kibanda cha kuhamishia kanda, Malindi

Kikapu kilikuwa cha kanda, lakini ilibidi nikimimine juu ya kaunta ndipo kijana wa kibanda alegeze uso. Simlaumu sana. Mimi ni dereva wa tuktuk, rasta zangu zimefika mgongoni, na nyuma ya tuktuk nimebandika Simba wa Yuda na bendera yake. Mtu wa sura hii akikuingilia saa mbili asubuhi na kikapu kilichofunikwa leso, utaanza kwa kunusa.

"Vitu vya Jamaika sina vingi, kaka," akaniambia, "lakini naweza kukutafutia."

Sikuwa nimetaja Jamaika. Nilikuwa nimemwaga mbele yake kanda 11 za taarab, na nilitaka zihamishwe kwenye flashi kabla hazijaoza zote.

Kanda zenyewe ni za marehemu hawe wangu, yaani bibi, kama tunavyosema Wagiriama. Alifua nguo kwenye nyumba moja ya mtaa wa Shella, hapa Malindi, kwa zaidi ya miaka 20. Bibi mwenye nyumba akiichoka kanda, humpa hawe pamoja na leso iliyochujuka. Kwa hiyo majirani zetu walipokuwa wakipiga ngoma yetu ya mwanzele, kwetu redio ya National ilikuwa ikiimba mafumbo ya watu wa mjini, na hawe akijibu kutoka jikoni kana kwamba ametukanwa yeye. Mimi nimelelewa na sauti ya Juma Bhalo, yule mwimbaji wa taarab, kuliko ya babangu. Zile tuni zake alizozichukua kwenye filamu za Kihindi nilizijua kabla sijajua kwamba ni za Kihindi.

Lakini kwenye tuktuk, reggae. Zaidi ya miaka kumi. Si kwamba naichukia, ni muziki mzuri, ila abiria akiona kichwa changu anautarajia, na Mtaliano wa pale Casuarina akiingia husema "Bob Marley!" hata kabla hajasema anakwenda wapi. Ukiwapa wanachotarajia hawakubishii nauli. Juma Bhalo alipofariki mwaka 2014 nilishinda barabarani nikipiga reggae tangu asubuhi, na usiku ndipo nikatia spika za masikioni, nikamsikiliza, nikalia kama mjane. Stejini, kwa madereva wenzangu, hakuna aliyejua. Ungewaambiaje?

Basi, huduma yenyewe.

Kibanda kiko Malindi, upande wa mji wa zamani. Jina silitaji kwa sababu nina lawama moja kubwa, na sitaki kumharibia mtu riziki. Bei ni shilingi 200 kwa kanda ya dakika 60, na 300 kwa ya dakika 90. Flashi ya GB 16 nilinunua hapo hapo kwa 700. Kanda moja ilikuwa imeota ukungu mweupe ndani hadi imegandana, ikashindikana, na hawakunitoza. Zilizobaki ni sita za 60 na nne za 90, kwa hiyo pamoja na flashi nililipa 3,100. Mtu akikuambia ghali, mwambie kanda haiharakishwi: ya dakika 90 inakula dakika 90 za saa. Zangu peke yake ni masaa 12 ya deki kuzunguka na mtu kukaa karibu asikie kama imekwama.

Mwenye kibanda ni mzee wa kofia ya viua, miwani imefungwa uzi. Alitoka chumba cha ndani nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Umezitoa wapi hizi?" Nikamweleza. Kichwa changu hakukitazama hata mara moja. Alichukua kanda ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga, akaiweka puani. "Hii imelala chini ya kitanda." Kweli ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati, karibu na ukuta unaovuja.

Nilimwomba nikae nitazame akanisogezea kigoda. Huyu mzee peke yake ningempa tisa kwa kumi. Anafungua kanda kwa bisibisi ndogo kama ya fundi saa. Kile kisponji kidogo kinachosukuma utepe kwenye kichwa cha deki kilikuwa kimebanduka kwenye kanda tatu. Akakata vingine kutoka kwa kanda zilizokufa, anazo kopo zima, akavibandika. Utepe uliokatika aliuunga kwa plasta nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Baada ya kila kanda alisugua kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, na pamba ikatoka rangi ya chai.

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nalijua. Kuna skrubu ndogo kando ya kile kichwa. Udi wa Zein l'Abdin ulikuwa unasikika kama unapigwa nyumba ya pili. Mzee akazungusha skrubu nywele moja kulia, nywele moja kushoto, macho amefumba, na ghafla udi ukaingia chumbani. Nilisikia kucha kwenye uzi. Akaniambia kila deki hurekodi kwa pembe yake, na ukisomea kwa pembe nyingine sauti za juu zinapotea, kwa hiyo kila kanda lazima itafutiwe pembe yake upya. Dakika mbili za kazi. Huko nyuma nilipeleka kanda moja kwa mtu mwingine, akaitia kwenye redio kaseti na waya, akaniambia "ndivyo ilivyo, ni ya zamani." Kumbe.

Pia maandishi. Kanda mbili zina chapa ya Mbwana Radio Service, duka la kanda la Mombasa, hizo hazina shida. Lakini nyingine ni za kurekodiwa harusini, nakala ya nakala, na yule bibi wa Shella aliziandika kwa herufi za Kiarabu. Miaka yote nilidhani ni dua. Mzee akazisoma: jina la mwimbaji, harusi ya nani, mtaa gani. Moja aliisoma akacheka peke yake, akakataa kunieleza.

Sasa lawama.

Mzee alihamisha, kijana akamalizia kwenye kompyuta, na kijana ana programu ya kusafisha makelele. Hakuniuliza. Ule mvumo wa kanda aliuondoa kweli, lakini sauti za juu zimeondoka nao. Taishokoto, ile ala ya nyuzi yenye vitufe, kwenye nyimbo za Zuhura Swaleh inatakiwa ilie kama mvua ya kwanza juu ya bati. Hapa ilikuwa kijiko ndani ya sufuria ya uji. Halafu akabana mafaili hadi kilobiti 128 kwa sekunde, ati yasijaze flashi. Bila kubana kabisa, dakika moja ni kama MB 10. Dakika zangu 720 ni kama GB 7, na flashi ni ya 16! Nafasi yote ilikuwapo.

Tena hiyo nafasi aliipatia kazi. Nilipochomeka flashi kwenye tuktuk, wimbo wa kwanza ulikuwa reggae. Wa pili reggae. Alikuwa ameniwekea folda ya nyimbo 40, zawadi, akaiita A RASTA ili itangulie. Nilicheka hadi nikakosa abiria. Lakini nyimbo zangu mwenyewe zote zimeandikwa Track 01, Track 02, hadi mwisho, na mzee alikuwa amezisoma karatasi zote mbele yake.

Hilo ningesamehe. Lililonirudisha kibandani ni upande wa pili wa kanda ya tisa. Kijana alikata kila palipo na "makelele": vigelegele, mtangazaji anayetaja majina ya wanaotunza, kikombe kinachoanguka. Kwenye upande huo, nikiwa na miaka saba hivi, nilibonyeza kitufe cha kurekodi katikati ya wimbo kwa sababu ni chekundu. Vile vidole vya plastiki juu ya kanda, ambavyo vikivunjwa kanda hairekodi tena, havikuwa vimevunjwa, basi ikakubali. Kuna sekunde 20 hivi za hawe akinifokea. Sauti nyingine yake sina.

Kwenye flashi wimbo umerukia wimbo, pameshonwa vizuri kabisa.

Kijana alisema, "Kaka, nilidhani ni uchafu. Nyimbo ilikuwa imeharibika." Nilikuwa tayari kumtukana. Mzee hakusema kitu. Aliitia kanda kwenye deki, akaipeleka mbele, akasikiliza mpaka mwisho, akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Kisha akamwambia kijana azime kompyuta na aje akae. Wakahamisha zote upya, bila kusafisha, bila kubana, bila kunitoza, na majina yote yameandikwa. Ila nilipoteza siku mbili za kazi na hakuna aliyezitaja. Kwa hiyo kibanda kizima nakipa saba. Ukienda, sema mwanzoni: msisafishe, msibane, msikate. Na usiwape kanda uondoke, kaa kwenye kigoda.

Tangu hapo tuktuk inapiga hizi. Stejini wameniuliza kama nimeposa Shella. Vijana wawili wa Maweni walishuka katikati ya safari, wakasema wamepanda tuktuk ya nyanya yao. Mtaliano mmoja alinyamaza kutoka Silversands hadi sokoni, akauliza kama hiyo ni Misri. Nikamwambia ni Lamu. Na wanawake wa buibui, ambao zamani walikuwa wakiona rasta wanapungia tuktuk ya nyuma, sasa wanapanda na kumalizia beti kabla ya mwimbaji. Juzi mmoja alinigongea bega kwa funguo: "We rasta, hilo fumbo unalielewa kweli?" Nikamwambia nimelelewa nalo. Akasema basi rudisha mwanzo, na akaongeza shilingi hamsini.

Zile sekunde 20 ziko palepale, katikati ya wimbo wa mapenzi. Udi unakatika, halafu kikongwe anafoka kwa Kigiriama kwamba mbuzi wameingia kwenye mahindi na mimi nimekaa. Abiria huchungulia nje kutafuta mbuzi.