Mafuta ya kuchua nimeyakubali, matone ya ubongo nimeyaacha

Nashona nguo Sokomatola, hapa Mbeya mjini, na huu ni mwaka wangu wa 22 kwenye cherehani. Fundi mwenzangu ukisoma hapa unajua tunapoumia: shingo, kiuno, na shina la kidole gumba cha mkono wa mkasi. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya huku ikishika, naamka kidole hakikunji mpaka nikumbatie kikombe cha chai ya moto kwanza. Miaka mingi nilimeza diklofenaki, vidonge vya maumivu, kama karanga. Mwaka juzi nikapimwa, nikaambiwa tumbo lina vidonda, na vidonge vile nisiviguse tena.

Ndipo nikaanza kwenda kwenye duka moja la dawa za asili karibu na soko la Mwanjelwa. Jina lake naliacha, maana nina la kuwasifu na nina la kuwalaumu. Nimekuwa mteja wao kwa miezi minne.

Nianze na mafuta ya kuchua, kwa sababu ndiyo yaliyonirudisha kazini. Chupa ya kahawia ya mililita 100, shilingi 8,000. Lebo imeandikwa kila kilichomo: pilipili kichaa, karafuu na mkaratusi, vyote ndani ya mafuta ya parachichi. Kuna tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho, na namba ya usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kijana wa dukani aliniamkia vizuri, kisha akaniuliza: "Mama, una vidonda vya tumbo? Kuna dawa yoyote ya hospitali unayotumia?" Nilikuwa nimeomba na unga wa tangawizi, akanishauri nisiunywe tumbo likiwa tupu. Maswali yale yalinifanya nimwamini. Yakumbuke, nitayarudia.

Usiku wa kwanza yaliwasha mpaka nikataka kuyaosha. Usiku wa pili vilevile. Siku ya tano hivi ule moto ukawa joto tu, na wiki ya pili ilipoisha niliamka nikakunja kidole gumba bila kukifikiria. Binti yangu anasoma famasia, ndiye aliyenieleza kwa nini. Kinachowasha kwenye pilipili kinaitwa kapsaisini. Ukiipaka, mishipa ya fahamu iliyo chini ya ngozi inadhani imeguswa na moto, kwa hiyo inapiga kelele. Ukiirudia kila siku inachoka, na habari za maumivu inazipeleka kwa uvivu. Kwa hiyo anayepaka mara moja akasema haifanyi kazi amejichomea ngozi bure. Aliniambia pia kwamba mwanasayansi wa Marekani, David Julius, alitumia kapsaisini hiyohiyo kugundua kile kitu kwenye mishipa ya fahamu kinachohisi moto, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na mwenzake. Karafuu nayo ina eujenoli, ile ambayo madaktari wa meno wanaitumia kutuliza jino. Nilifurahi kusikia hivyo. Bibi yangu alikuwa anatutia karafuu kwenye jino lililotoboka, na hakuna daktari aliyemwandikia.

Mafundi, sikilizeni hapa. Yapakeni usiku tu, kazi ikishaisha. Siku moja nilipaka asubuhi, nikanawa kwa sabuni, nikakaa kwenye cherehani. Uzi ulipokatika nikaulamba ncha kama ninavyofanya siku zote ili upite kwenye tundu la sindano. Midomo iliwaka hadi mchana. Maji hayakusaidia chochote, nikaja kupata nafuu kwa maziwa. Wiki hiyohiyo mafuta yaliyobaki kwenye kiganja yaliacha doa la njano kwenye satini nyeupe ya bibi harusi, na kipande kile nilikinunua upya kwa hela yangu. Msishike macho, msishike mtoto. Na mahali penye mchubuko msipake kabisa.

Unga wao wa manjano uliochanganywa na pilipili manga ni mzuri, nautia kwenye mchuzi na kwenye maziwa. Pilipili manga imewekwa kwa sababu mwili hauyapokei manjano vizuri yakiwa peke yake. Kwamba umeniondolea maumivu siwezi kusema, kwa kuwa niliuanza nikiwa tayari napaka mafuta.

Sasa matone ya ubongo.

Mama yangu yuko Tukuyu. Alichuma chai miaka mingi, mikono yake mpaka leo ina ule wepesi. Mwaka juzi alipata kiharusi kidogo. Akapona, anatembea, anapalilia migomba yake, ila kumbukumbu imeanza kumtoroka. Anafunga banda la kuku, anarudi kulifunga tena. Mwezi wa pili nilifika jioni kwa kosta, mvua inanyesha kama kawaida ya Tukuyu, akanipokea mlangoni akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki nikiwa darasa la tatu. Sikumsahihisha. Nililala macho usiku ule.

Kwa hiyo nilipoona pale dukani chupa ndogo imeandikwa "Kinga ya Ubongo, Hurudisha Kumbukumbu", sikuuliza mara mbili. Shilingi 35,000 kwa mililita 50. Hiyo ni suruali mbili nzima za kushona. Kijana akasema matone kumi asubuhi, kumi jioni, na wazee wengi wamepona. Nikamwambia ni ya mama. Hakuuliza mama ana umri gani, anaumwa nini, wala anatumia dawa gani. Mimi niliulizwa kwa sababu ya mafuta ya kupaka. Mama, ambaye angeyanywa, hakuulizwa.

Wiki ya tatu shangazi aliniambia kwenye simu kwamba mama akipiga mswaki anatema damu, na mkononi ana alama nyeusi kama aliyegongwa. Nilifunga kibanda nikapanda gari. Kliniki daktari akaomba aone kila anachotumia. Mama anameza aspirini ndogo, miligramu 75, kila siku tangu kiharusi, ili damu isigande. Chupa ile ina majani ya mti wa Kichina unaoitwa Ginkgo biloba, na ginkgo nayo inadhaniwa kufanya damu iwe nyepesi. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ndiyo sababu, ila akataka iachwe siku ileile. Tuliacha. Baada ya siku kumi fizi zilikuwa safi.

Niliporudi binti yangu alinisomea jambo ambalo ningelijua mapema nisingeinunua chupa ile. Marekani waliwapima wazee zaidi ya 3,000, wengi wao wa miaka 75 na kuendelea. Nusu walipewa ginkgo miligramu 120 mara mbili kwa siku, nusu vidonge visivyo na kitu, wakafuatiliwa kwa takriban miaka 6. Majibu yalitoka mwaka 2008: ginkgo haikuzuia mtu kupoteza kumbukumbu. Na wale walipewa kipimo kinachojulikana. Chupa yangu haina miligramu hata moja iliyoandikwa, haina namba ya usajili, ina stika tu. "Matone kumi" ni matone kumi ya nini?

Sisemi mimea haina kitu. Mofini inayotuliza maumivu ya wagonjwa wa saratani ilitoka kwenye mmea wa mpopi. Galantamini, ambayo madaktari huwaandikia baadhi ya wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, asili yake ni ua. Lakini hizo zimepimwa, na anayekupa anakuuliza kwanza.

Nilirudi dukani na ile chupa. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba radhi, nami naamini ilimtoka moyoni. Hela hakunirudishia, alisema si uamuzi wake. Nikamwomba jambo moja: maswali anayouliza kwa mafuta ya kupaka ayaulize mara mbili kwa dawa ya kunywa, hasa mtu akija kumnunulia mzee asiyekuwepo. Ukienda duka la namna hii kwa ajili ya mzazi, beba pakiti za dawa zake zote za hospitali mkononi.

Mafuta niko chupa ya tatu. Mama naye nampaka magotini kila nikienda. Akisikia harufu ya mkaratusi ananiambia miti ile ilivyopandwa kando ya mashamba ya chai, nani alikata upi, na msimamizi alisema nini. Hapo hakosei jina hata moja.

Ile chupa ya ubongo bado iko kwangu, nusu yake. Binti anataka kuipeleka chuoni walimu wake waione lebo.