CourtListener: lifungue jalada kabla hujaapa kwamba kampuni yako itashinda

Mashabiki wa kampuni wakibishana kuhusu kesi, silaha yao kubwa ni vichwa vya habari. Huyu anadai jaji ameikubali kesi, yule anasema kesi imeshakufa, na jalada lenyewe hakuna aliyeligusa. Kwa kesi za mahakama za shirikisho za Marekani, njia rahisi ya kuligusa ni CourtListener ya Free Law Project, taasisi isiyotafuta faida. Kusoma ni bure.

Hati nyingi zake zinatoka PACER, mfumo rasmi wa mahakama, ambao hutoza senti 10 kwa ukurasa na kukomea dola 3 kwa hati. Matumizi yasipozidi dola 30 katika robo ya mwaka, hudaiwi. Mtego uko kwenye kumbukumbu za maneno yaliyosemwa kortini: hizo hazina ukomo, kwa hiyo kurasa 250 za ushahidi ni dola 25. Hata kutafuta jina na kuambiwa halipo kunahesabiwa ukurasa mmoja. Dawa yake ni RECAP (yaani PACER iliyogeuzwa kinyumenyume), kiendelezi cha kivinjari. Ukinunua hati, nakala inapanda CourtListener yenyewe. Na hati ambayo mwingine alishainunua, utaona kialama cha R ubavuni mwake ndani ya PACER. Bofya hicho, usilipe.

Tafuta kwa namba ya kesi. Ukiandika "Apple" utazama kwenye kesi zisizoisha. Chukua 4:20-cv-05640-YGR, kesi ya Epic, kampuni ya michezo ya kompyuta, dhidi ya Apple: 4 ni tawi la mahakama la Oakland, California, 20 ni mwaka 2020, cv ni madai, 05640 ni namba ya usajili, na YGR ni jaji Yvonne Gonzalez Rogers. Herufi za mwisho usizipuuze. Jaji ukimjua, soma alivyoamua kesi za aina hiyo. Kwa kutabiri, hilo lina uzito kuliko hotuba ya mkurugenzi yeyote.

Jalada likishafunguka, wengi hukimbilia hati ya madai na kuinukuu kana kwamba ni hukumu. Hayo ni maneno ya upande mmoja. Nenda kwenye amri za jaji. Ya kwanza kuleta kelele huwa ni ya ombi la kutupilia mbali kesi chini ya kanuni ya 12(b)(6). Hapo jaji huyachukulia maelezo ya mlalamikaji kana kwamba ni ya kweli, kisha huuliza kama sheria inampa haki yoyote. Ushahidi haujapimwa bado, basi kuvuka hatua hiyo si ushindi. Na ombi likikubaliwa, angalia kama mlalamikaji ameruhusiwa kurekebisha madai yake. Akiruhusiwa, mshitue shabiki anayeshangilia: mtu anarudi huyo.

Hesabu dai moja moja pia. Septemba 2021, kati ya madai 10 ya Epic, Apple ilishinda 9, na kila kambi ikatangaza ushindi. Lile moja lililobaki, la kuwazuia watengenezaji programu kuwaelekeza wateja kwenye malipo ya nje, ndilo lililozaa amri ambayo Aprili 2025 jaji aliikuta Apple imeikaidi.

Kiasi cha fidia nacho usikiamini siku ya kwanza. Katika 5:11-cv-01846, Agosti 2012, baraza la raia wanaoamua kesi liliipa Apple dola bilioni 1.05 dhidi ya Samsung. Machi 2013 jaji Lucy Koh akaondoa takriban milioni 450, kwa sababu fidia ya baadhi ya simu ilikokotolewa kwa njia isiyokubalika kisheria. Novemba sehemu hiyo ikarudishiwa milioni 290. Desemba 2016 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia ifikiriwe upya, Mei 2018 baraza jipya likatoa milioni 539, na mwezi uliofuata wakapatana. Aliyefunga mjadala mwaka 2012 alikuwa na miaka sita ya kusahihishwa.

Kasoro zipo, tena za kuudhi. Majalada ya mahakama za majimbo hayamo PACER, kwa hiyo jalada la Twitter dhidi ya Musk la 2022, lililokuwa Delaware, usilitafute huko. Hati zilizofungwa kwa siri za biashara utaziona kwa kichwa tu. Kubwa zaidi, jalada lisilo na wafuatiliaji huchakaa kimya: ukimya wa miezi unaweza kuwa wa kesi, au wa wasomaji tu. Angalia tarehe ya kusasishwa iliyo juu ya ukurasa. Ikiwa ya zamani, washa RECAP na ulivute jalada kutoka PACER. Halitazidi dola 3, na mpinzani wako atalisoma bure.