Bao la mninga kwa mtu anayerudi nyumbani amechoka

Bao nililolinunua miezi mitano iliyopita limechongwa kwa kipande kimoja cha mninga, lina mashimo 32 katika safu nne, na niliuziwa kwa shilingi 70,000 pamoja na kete 64 za komwe, yaani mbegu ngumu za kuchezea, zilizofungwa katika mfuko wa kitenge. Nilitaka kitu cha kuniburudisha jioni ambacho hakihitaji chaji wala safari nyingine ya daladala, kwa kuwa kazi yangu ni uhasibu na kompyuta huwa nimeishiba kabla jua halijazama.

Mbao ni nzuri kwelikweli: nzito, nyekundu iliyokolea, haina ufa, na komwe zikiangukia ndani yake hutoa mlio wa kupendeza. Kingo za mashimo hazikupigwa msasa vya kutosha, jambo nililolimaliza mwenyewe kwa nusu saa. Kasoro kubwa ni kina kidogo cha mashimo, nami sikuiona dukani kwa sababu wakati huo nilikuwa bado sijajua ninachokihitaji.

Nilidhani ninachokosa ni muda. Kumbe muda ulikuwepo. Kila siku saa mbili usiku, baada ya chakula, nilikuwa na saa nzima, na jirani yangu, mzee aliyecheza bao tangu ujana wake, alikuwa tayari barazani. Kilichokosekana ni akili ya kuchezea. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete sita katika nyumba, yaani shimo kuu la upande wake, mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na 22 mkononi za kunamulia, yaani za kuingiza moja moja mchezoni, na kabla ya kula kete za mwenzako ni lazima uone kwa macho ya moyoni kete yako ya mwisho itaangukia wapi baada ya kuzunguka. Mtu aliyeshinda akifunga hesabu za mwezi hana tena uwezo huo. "Mwanangu," mzee aliniambia jioni moja, "leo hunamui, leo unamwaga kete tu." Watu hupenda kutaja kwamba Mwalimu Nyerere, pamoja na mzigo wote wa nchi, alipenda kucheza bao, lakini sidhani kama yeye alirudi nyumbani akaosha vyombo kwanza.

Tulichokubaliana na mzee ni kutomaliza mchezo kwa usiku mmoja. Tunacheza zamu sita au saba, mpaka mmoja wetu aanze kupiga miayo, kisha tunaacha kete zilivyo, mimi nabeba bao na kuliweka juu ya kabati, na Jumamosi asubuhi, kichwa kikiwa kimepumzika, tunaendelea pale pale tulipoachia. Tangu tuanze utaratibu huo nimecheza zaidi kuliko miaka kumi iliyotangulia.

Hapo ndipo kina cha mashimo kinapoleta adha. Nyumba ikishafika kete kumi na mbili, za juu hukaa kama mayai kwenye sinia, na komwe, kama ajuavyo kila aliyezishika, ni laini na zinateleza. Nimewahi kulibeba bao kwa uangalifu wote, nikajikwaa kwenye zulia, na nyumba yote ikamwagikia chini ya kochi siku ambayo kwa mara ya kwanza nilikuwa naelekea kumshinda mzee.

Kwa anayecheza kijiweni na kumaliza mchezo palepale, bao hili halina tatizo na bei yake ni ya haki. Kwa mwenye jioni zilizokatika vipande kama zangu, ningemshauri kabla ya kulipa aombe komwe kumi na tano, azijaze katika nyumba, kisha alibebe bao hatua tano mbele ya muuzaji. Mimi nimempelekea seremala wa mtaani anichimbie nyumba zote mbili kwa shilingi 5,000, na sasa linabebeka. Kete moja haikuonekana tena. Mahali pake tumeweka kifungo cha koti, ambacho mzee hushangilia kila anapokila.